Seva ya Hifadhidata Inapoanguka Mzigo Ukizidi: Namna ya Kumpata Aliyeiangusha

Dalili zake huwa ni zile zile. Kukiwa na watumiaji wachache mambo ni shwari. Wakijaa, kurasa zinaanza kujivuta, programu inalalamika kwamba haiwezi kuunganisha, kisha ukiingia kwenye seva unakuta MySQL au PostgreSQL imejiwasha upya dakika mbili zilizopita na inafanya kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Unaongeza RAM, unapandisha namba mbili tatu kwenye mipangilio, unalala. Wiki inayofuata inaanguka tena.

Hifadhidata hizi mbili ni ngumu kufa zenyewe. Zikianguka mzigo ukiwa mkubwa, mara nyingi kuna aliyeziua, na aliyeua si lazima awe ndiye chanzo. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, inaweza kuwa ndiyo iliyochinja, lakini iliyoifikisha huko ni hoja (query) moja mbovu iliyojificha ndani ya programu yenu wenyewe. Ukimkamata wa kwanza tu, utakuwa umetibu homa ukaacha malaria.

Hapa nachukulia unatumia Linux yenye systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma), na MySQL 8 au PostgreSQL. Zinapotofautiana nitasema.

Hatua ya 1: Kusanya ushahidi kabla ya kugusa kitu

Najua simu zinaita na kila mtu anataka huduma irudi. Hata hivyo nusu dakika ya kukusanya ushahidi itakuokolea usiku mzima wa kupiga ramli.

Kwanza jua tatizo lako ni lipi kati ya matatu, maana watu huyaita yote "seva imeanguka". Kuna kufa: mchakato ulikatika ukaanza upya. Kuna kukataa: hifadhidata iko hai ila inajibu "Too many connections". Na kuna kuganda: inapokea miunganisho lakini haijibu chochote. Kwa MySQL uliza:

    SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Uptime';

Sekunde zikiwa chache, ilikufa. Kwa PostgreSQL usitegemee `pg_postmaster_start_time()` peke yake, hapa wengi huteleza. Mchakato mmoja wa mteja ukiuawa, mchakato mkuu hubaki hai. Huwafukuza wengine wote, husafisha memori ya pamoja na kuanza urejeshaji. Kwa watumiaji huko ni kuanguka kamili, lakini saa ya kuanza haijabadilika. Ukweli utaupata kwenye logi.

Kama imeganda, kabla hujaiwasha upya hifadhi picha ya ilivyo:

    mysql -e "SHOW FULL PROCESSLIST; SHOW ENGINE INNODB STATUS\G" > /root/hali.txt
    vmstat 1 10 >> /root/hali.txt

Kwenye PostgreSQL, toa kila kitu kilichomo ndani ya `pg_stat_activity`. Kisha nakili logi za hifadhidata mahali pengine. Usiizime na kuiwasha mashine nzima kama hujalazimika: folda ya `/var/log/journal` isipokuwepo, logi za kerneli kwa kawaida hukaa kwenye RAM, na ukiwasha mashine upya umefuta ushahidi kwa mkono wako.

Hatua ya 2: Soma mistari ya mwisho kabla ya kimya

Logi ya MySQL huwa `/var/log/mysql/error.log` kwenye Debian na Ubuntu, na `/var/log/mysqld.log` kwenye familia ya Red Hat. Nenda kwenye dakika ya tukio, usisome kuanzia juu.

Ukikuta logi inaendelea vizuri, halafu ghafla mistari ya kuanza upya ikifuatiwa na urejeshaji wa InnoDB (injini ya MySQL inayohifadhi data), bila neno lolote la kuaga, basi kimya hicho ndicho ushahidi wako. Mchakato uliopigwa signali 9, ile ya kuua papo hapo, hauna nafasi ya kuandika wosia. Ukikuta "mysqld got signal 11" na rundo la anwani za memori, hapo MySQL ilijikwaa yenyewe: kuna hitilafu kwenye toleo hilo, au RAM ya mashine ni mbovu. Signali 6 ni MySQL kujiua kwa makusudi baada ya kuona jambo lisilowezekana. Mfano wake maarufu ni ule wa InnoDB kusubiri kufuli la ndani kwa zaidi ya sekunde 600. Huandika kabisa kwamba inaiangusha seva kwa kukusudia kwa kuwa inaonekana imekwama. Ukiuona, elekea moja kwa moja kwenye diski.

PostgreSQL ni msemaji zaidi. Tafuta hivi:

    grep -E 'terminated by signal|PANIC|recovery mode' postgresql.log

Ukipata "was terminated by signal 9: Killed", umeshajua silaha. Sasa muulize mwenye silaha:

    dmesg -T | grep -i -E 'out of memory|killed process'

Mstari wa namna hii (namba ni za mfano) unamaliza ubishi:

    Out of memory: Killed process 2417 (mysqld) ... anon-rss:15612288kB

Hiyo `anon-rss` ni karibu GB 15 ambazo mysqld alikuwa amezishika kweli wakati anakufa. Kama mashine ina GB 16, hesabu imeisha.

Lakini kuwa mwangalifu. Kerneli ikiishiwa memori haimtafuti mkosaji. Kwa sehemu kubwa humtafuta mnene. Kwenye seva ya hifadhidata mnene ni hifadhidata yenyewe, hata kama aliyeomba kipande cha mwisho ni skripti ya bakapu au programu ya wavuti inayoishi kwenye mashine hiyo hiyo. Ndiyo maana hapo juu kidogo ya mstari huo kerneli huchapa jedwali la michakato yote iliyokuwepo. Lisome. Safu ya `rss` humo imehesabiwa kwa kurasa, ambazo kwa mashine nyingi ni KB 4 kila moja, kwa hiyo zidisha kwa 4 upate KB.

Anayetumia kontena ataona namba 137 ya kutoka, ambayo ni 128 kujumlisha 9. Hapo RAM ya mashine inaweza kuwa tele kabisa; kilichojaa ni kikomo cha kontena.

Ukikosa dalili zote hizo, tafuta "No space left on device", ambayo MySQL huiita kosa 28, na "Too many open files", kosa 24. Hilo la pili dawa yake ni fupi: pandisha `LimitNOFILE` kupitia `systemctl edit`, kisha washa huduma upya.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya memori kwa kalamu

Visa vingi nilivyokutana navyo huishia hapa, na karibu vyote vina hesabu ileile isiyowahi kupigwa.

Memori ya hifadhidata ina sehemu mbili. Ipo ya pamoja, inayochukuliwa mara moja: `innodb_buffer_pool_size` kwa MySQL, `shared_buffers` kwa PostgreSQL. Na ipo inayochukuliwa na kila muunganisho pale inapohitajika, mfano kupanga matokeo au kuunganisha majedwali. Watu huiangalia ya kwanza kwa sababu namba yake ni kubwa. Ya pili huonekana ndogo mpaka uizidishe.

Tuchukue seva ya GB 16. Mtu kaweka `innodb_buffer_pool_size` ya GB 12. InnoDB huongeza takriban asilimia 10 ya kujiendeshea, tuseme imekuwa GB 13. Mahali fulani alisoma kwamba bafa kubwa huleta kasi, akapandisha `sort_buffer_size` na `join_buffer_size` kutoka KB 256 za kawaida hadi MB 2 kila moja. Jumlisha bafa za kusomea na rafu ya uzi (thread stack), kila muunganisho unaweza kufika kama MB 6. Siku ya kawaida kuna miunganisho 100: MB 600 tu, hakuna anayegundua. Na `max_connections`, ambayo kwa kawaida ni 151, kaipandisha hadi 1000 baada ya kuchoshwa na lile kosa la "Too many connections". Mzigo unapanda, miunganisho inafika 700, na GB 4.2 zinaombwa juu ya zile 13. Mashine haina. Kerneli inachomoa panga.

Angalia alivyojitengenezea ajali mwenyewe: lile kosa lililomuudhi ndilo lililokuwa breki.

Kwa PostgreSQL mtego uko kwenye `work_mem`. Kawaida ni MB 4, na wengi hudhani ni kwa kila muunganisho. Sivyo. Ni kwa kila tendo la kupanga au la kujenga jedwali la heshi ndani ya hoja, na tangu toleo la 15 matendo ya heshi yanaruhusiwa mara mbili ya hapo. Hoja moja yenye viungo vinne inaweza kuichukua mara kadhaa, na ikigawanywa kwa wafanyakazi sambamba kila mfanyakazi naye huchukua chake. Ukiweka MB 64 kwa seva nzima, miunganisho 100 inatosha kukuzika. Iache ndogo, na ile ripoti nzito ipe yake peke yake kwa `SET LOCAL work_mem` ndani ya muamala wake.

Kwenye MySQL unaweza kuona nani anakula nini sasa hivi:

    SELECT event_name, current_alloc
    FROM sys.memory_global_by_current_bytes LIMIT 10;

Dawa ya hatua hii: rudisha bafa za kila muunganisho kwenye viwango vya kawaida, punguza sehemu ya pamoja ibakize nafasi, na shusha `max_connections` hadi idadi ambayo RAM inaweza kuihimili hata ikijaa yote. Hamisha programu nyingine zitoke kwenye mashine hiyo ukiweza. Kwa PostgreSQL weka pia `vm.overcommit_memory=2`, ili maombi yaliyozidi yakataliwe kwa kosa la kawaida la hoja moja badala ya mchakato kuchinjwa. `OOMScoreAdjust` ya systemd inaweza kuilinda hifadhidata isiwe ya kwanza kuuawa, lakini usiitumie kama tiba: kama ni yenyewe iliyojaza RAM, utakuwa umeilazimisha kerneli iue kitu kingine, pengine huduma nyingine unayoitegemea.

Hatua ya 4: Uliza kwa nini miunganisho ilirundikana

Hapa ndipo kikulacho ki nguoni mwako. Watumiaji kuongezeka maradufu hakuelezi miunganisho kutoka 100 hadi 700. Kinachoeleza ni muda.

Miunganisho inayofanya kazi kwa wakati mmoja ni sawa na idadi ya hoja kwa sekunde mara muda wa kila hoja. Hoja 200 kwa sekunde, kila moja ikichukua sekunde 0.05, ni miunganisho 10. Hoja hizo hizo 200 zikianza kuchukua sekunde 3 kila moja, ni miunganisho 600. Hakuna mtumiaji hata mmoja aliyeongezeka. Na kwa kuwa zinagombania diski na prosesa moja, kila inayoongezeka inazichelewesha nyingine, ikafika sekunde 4, halafu 6. Kutoka shwari hadi kifo inaweza kuwa chini ya dakika moja, ndiyo maana grafu za kila dakika tano hazikuonyeshi kitu.

Kwa hiyo msake mwanzilishi. Kwenye MySQL washa logi ya hoja nzito, ukishusha kizingiti, kwa sababu sekunde 10 za kawaida ni nyingi mno:

    SET GLOBAL slow_query_log = ON;
    SET GLOBAL long_query_time = 0.5;

Kumbuka kizingiti kipya huanza kwa miunganisho mipya tu. Iliyokwisha kufunguliwa inaendelea na cha zamani. Kisha `mysqldumpslow -s t` inakupangia kwa jumla ya muda. Jumla hiyo ndiyo ya kuangalia kabla ya muda wa hoja moja moja: hoja ya sekunde 8 inayokuja mara moja kwa siku haiangushi seva, ya nusu sekunde inayokuja mara 300 kwa sekunde inaangusha. PostgreSQL ina `pg_stat_statements`. Panga kwa `total_exec_time`.

Ukiipata, ipitishe kwenye EXPLAIN, amri inayoonyesha hifadhidata itakavyoitekeleza. Kwa MySQL, `type` ikisema ALL kwenye jedwali la mamilioni ya rekodi, inasoma jedwali zima. Kwa PostgreSQL tafuta "Seq Scan" kwenye jedwali kubwa. Mara nyingi indeksi moja inamaliza kesi. Lakini indeksi haitatumika kama safu imefunikwa na kitendo: `WHERE DATE(imeundwa) = '2024-05-01'` haigusi indeksi ya `imeundwa`, wakati sharti lililoandikwa kwa mwanzo na mwisho wa siku linaigusa.

Niliwahi kuzunguka na seva moja siku nzima mbili, nikipandisha hiki na kushusha kile. Mwishowe nikaitazama `SHOW FULL PROCESSLIST` kwa macho, mstari kwa mstari, nikaona hoja ileile ya ripoti mara tisa. Skripti ya cron (kipanga kazi za kujirudia) iliitwa kila dakika 5. Seva ikiwa tulivu ilimaliza kwa dakika 2. Mzigo ukipanda ilichukua 7, kwa hiyo ya pili ilianza ya kwanza haijaisha, ya tatu ikaikuta ya pili, na kila moja ikawachelewesha wenzake. Dawa ilikuwa neno moja, `flock -n`, mbele ya amri ya cron, inayozuia ya pili kuanza ya kwanza haijaisha. Mipangilio yote niliyokuwa nimeichezea niliirudisha kimyakimya.

Kuna wakati hoja zenyewe ni nyepesi ila zinasubiri kufuli. Programu imefungua muamala, imebadilisha rekodi moja, halafu imekwenda kungoja jibu la huduma ya nje kabla ya kufunga. Wote wanaoitaka rekodi ile wanapanga foleni. Kwenye PostgreSQL utaona hali ya "idle in transaction". Kwenye MySQL tazama `sys.innodb_lock_waits`. Rekebisha programu, na kwa tahadhari weka `idle_in_transaction_session_timeout`.

Hatua ya 5: Diski, kwa nafasi na kwa kasi

Nafasi ni rahisi: `df -h`, halafu `df -i`, kwa sababu ingizo za faili (inode) nazo huisha. Diski ikijaa MySQL mara nyingi huganda ikisubiri nafasi, wakati PostgreSQL ikishindwa kuandika WAL (logi ya mabadiliko inayoandikwa kabla ya data yenyewe) hutoa PANIC na kufa. Usifute kamwe faili ndani ya `pg_wal` kwa mkono. Zikirundikana, kuna nakala (replica) iliyokufa ambayo bado imeshikilia nafasi yake kwenye `pg_replication_slots`, au `archive_command` inashindwa. Kwa MySQL tumia `PURGE BINARY LOGS`, baada ya kuhakikisha nakala zako zimeshazisoma.

Kasi ndiyo ya ujanja. `iostat -x 1` wakati wa mzigo, tazama `r_await` na `w_await`. SSD ikitoka milisekunde 1 hadi 80, kila kitu juu yake kimekwama. Baadhi ya diski za kukodi kwenye wingu hukupa kasi ya akiba. Ikiisha zinashuka ghafla. Ajali inayotokea dakika 30 baada ya mzigo kuanza, na si mwanzoni, hunifanya niulize hilo kwanza. Kwenye `vmstat`, safu za `si` na `so` zikiwa na namba muda wote, seva inaishi kwenye swapu (sehemu ya diski inayotumika kama RAM), na hapo rudi hatua ya 3.

Hatua ya 6: Punguza wanaoingia

Hifadhidata yenye prosesa 8 haifanyi kazi zaidi kwa kupewa hoja 600 kwa pamoja, inafanya kidogo. Weka mgawaji wa miunganisho katikati, PgBouncer kwa PostgreSQL au ProxySQL kwa MySQL, ili wateja mamia wapange foleni nje na makumi tu waingie. Ukigawa ndani ya programu, zidisha: nakala 12 za programu zenye miunganisho 50 kila moja ni 600, hata kama kila mwandishi alidhani kaweka kidogo.

Weka kikomo cha muda: `statement_timeout` kwa PostgreSQL, `max_execution_time` kwa MySQL, ambayo hugusa SELECT pekee. Na iangalie tabia ya programu ya kurudia ombi lililoshindwa. Ikirudia papo hapo mara tatu, seva inayosuasua hupewa mzigo mara nne. Irudie kwa kusubiri zaidi kila mara, na muda wa kusubiri usilingane kwa wote.

Hatua ya 7: Kuinuka bila kuanguka tena

Baada ya kifo cha ghafla urejeshaji unaweza kuchukua dakika nyingi. Usiiue hifadhidata katikati. Angalia pia systemd isiiue kwa niaba yako: `TimeoutStartSec` ikiwa fupi, huduma itauawa ikiwa bado inarejesha, ianze, iuawe tena, nawe ukidhani data imeharibika. `innodb_force_recovery` iache hadi MySQL ishindwe kabisa kuwaka. Kuanzia 4 kwenda juu inaweza kuharibu data moja kwa moja, kwa hiyo nakili kwanza folda nzima ya data.

Ikiwaka, kache yake ni tupu, na kila hoja inakwenda diski. Ukifungua mlango wote kwa mpigo, itaanguka dakika ile ile. Ingiza watumiaji sehemu sehemu, na kazi za usuli ziwe za mwisho.

Hatua ya 8: Iangushe mwenyewe

Marekebisho ambayo hayajapimwa ni matumaini tu. Chukua nakala ya seva yenye data ya ukubwa uleule, kamwe si ile ya kazi, uipige kwa pgbench, chombo cha kupima PostgreSQL:

    pgbench -c 64 -j 4 -T 1800 jina_la_hifadhidata

Kwa MySQL tumia sysbench. Hivyo vipimo vya kawaida hupima mashine. Kwa hoja zako, pgbench hukubali faili lako kwa `-f`, na humo tia ile hoja uliyoikamata hatua ya 4. Panda kutoka 16 hadi 32, 64, 128, huku dirisha la pili likionyesha `vmstat` na la tatu `iostat`. Andika idadi ambayo hoja kwa sekunde zilikoma kupanda wakati muda wa kujibu unaendelea kupanda. Kikomo cha mgawaji wako wa miunganisho kiwe chini kidogo ya hapo.